Nafasi ya Kurudia

Sogeeni karibu, wanangu, maana sauti iliyolisha nyumba hii sasa ni ya kunong'ona, na mtu asinirekodi. Kitinda mimba, hiyo simu iweke mezani niione. Nyumba ni yenu wawili, sawa kwa sawa. Vitabu mpeni anayesoma, si anayevipanga ili wageni waone. Shangazi yenu alibeba sufuria zangu siku ya msiba wa baba yenu. Msizidai, nadhani hata yeye zimeshamchosha. Hayo yamekwisha, sasa nisikilizeni kwa lile lililonikaa kooni.

Mnajua nilifundisha Kiswahili redioni. Nilikuwa nasema sentensi, nanyamaza kidogo ili wanafunzi huko madarasani warudie, kisha naendelea. Vipindi vingi nilivirekodi humu chumbani, mablanketi yametundikwa madirishani, na dada yako, ewe kitinda mimba, yule ambaye hukumwahi, alikaa chini ya meza, na kila niliponyamaza alirudia yeye. Nasema, "Mvua inanyesha." Anajibu, "Mvua inanesa." Fundi mitambo akaniuliza, "Mwalimu, huyu mwanao tumkate?" Nikamwambia thubutu yako, wanafunzi watacheka, na aliyecheka hasahau somo. Homa ikamchukua kabla hajaanza shule, na sauti yake ikabaki kwenye zile kanda za vipindi tu.

Wewe, baba, kifungua mimba wangu, ulitaka kunifurahisha. Ulizipeleka dukani zihamishiwe kwenye simu, nisihangaike tena na kile kinasa sauti kibovu, ukarudi uso unang'aa. "Mama, programu imeondoa kelele zote na mapengo yote, sasa unasikika safi!" Nikasikiliza. Nikajisikia nikiongea bila kupumua, kama mwanamke anayekimbizwa na mbwa. Yeye hayumo. Kwa mtambo ule, mtoto wangu alikuwa kelele. Na kanda zenyewe yule wa dukani alishazitupa, eti nani siku hizi anatunza takataka kama hizo. Nililia, ukalia nawe. Sikukulaumu, wala leo sikulaumu, usiniinamishie kichwa.

Ila hukutulia. Juzi ukaniletea vipindi vimerudishiwa mapengo, na ndani yake binti mdogo anarudia, umemtengeneza huko mtandaoni mnakotengenezea kila kitu, kwa sauti ya mdogo wako huyu alipokuwa mtoto, ile ya kwenye video ya harusi ya shangazi yenu. "Mvua inanyesha," anasema, tena kwa matamshi ya kitabuni kabisa. Maisha yangu yote nimesahihisha matamshi ya watu, na huyu ndiye mwanafunzi pekee niliyetamani akosee.

Mnadhani nilimkataa. Ninamsikiliza. Mkitoka tu naweka simu sikioni, mwanamke mzima mwenye shahada zake, nabembelezwa na mashine. Na jana nilipofumba macho nimtafute wangu, yule wa chini ya meza, akaja akasema "inanyesha". Mnanielewa? Nilibakiwa na kitu kimoja tu cha kufa nacho, na sasa mwingine amekaa mahali pake.

Kwa hiyo wosia wangu ndio huu: mfuteni. Si nikishakufa, sasa hivi, ningali na muda wa kumngoja wangu arudi. Na mimi msinitengeneze. Wajukuu wakiuliza bibi alisemaje, waambieni mnavyokumbuka, hata mkikosea; kosa la mtu aliyenipenda linanitosha. Masomo yangu yawekeni huko mtandaoni, sina ugomvi nako, nilichokitafuta mimi kwa miguu, mtoto wa leo anakipata kwa kidole, na ningekuwa mdogo ningekesha humo. Ila muwaachie pale pa kunyamaza. Mtoto asiporudia kwa mdomo wake hajajifunza, amesomewa tu.

Mungu awape afya, na watoto wenye maneno mengi. Mpendane. Mkigombana, gombaneni kwa sauti, msinuniane. Nipe maji... basi, yatosha.

Futa, baba. Hapana, usinisikilizishe kwanza, nitaghairi. Futa.

Tayari?

Mbona... mbona kumekuwa kimya hivi. Nishike mkono, mama, kitinda mimba wangu, wewe upande huu. Msiseme kitu sasa. Msinijibu. Nasema "mvua inanyesha"... halafu nanyamaza... mwacheni aseme yeye.