Genoveva Aliyemwacha Ilya Akiwa Ameketi

Baba Paroko, ndugu, majirani na marafiki mliofika kanisani hapa Scarborough, Toronto, leo Jumamosi tarehe 21 Oktoba 2017, naitwa Shadrack Rwegoshora, mdogo wake marehemu, na familia imenipa kazi ya kuwasomea maisha yake, nami nitasoma nikiwa nimeketi kwenye kiti changu cha magurudumu kama mlivyonizoea, na nitasoma nikiwa na hasira, jambo ambalo nilimweleza Baba Paroko mapema naye hakunikataza.

Genoveva Kokugonza Rwegoshora alizaliwa tarehe 2 Februari 1954 katika kijiji cha Kanyigo, Bukoba, akiwa mtoto wa tatu wa marehemu Mwalimu Deogratias na marehemu Mama Anastazia. Alisoma shule ya msingi palepale Kanyigo kuanzia mwaka 1962 hadi 1968, na katika miaka ya mwisho alikwenda shule akiwa na mzigo mgongoni, mzigo wenyewe ukiwa ni mimi, kwa kuwa polio ilinichukua miguu nikiwa mdogo, na baba aliposema nibaki nyumbani mpaka nitakapoweza kutembea, dada alimjibu mbele ya wageni, "Baba, akisubiri miguu atazeeka hajui kusoma." Alichapwa kwa jibu hilo, na kesho yake akanibeba.

Baada ya sekondari alipata nafasi ya kwenda kusoma lugha na fasihi ya Kirusi katika mji wa Voronezh, Urusi, alikoishi kuanzia mwaka 1974 hadi 1980, na huko ndiko alikokutana na mama mmoja mwangalizi wa bweni, jina lake Klavdia, ambaye jioni za baridi alikuwa akimenya viazi huku akiwasimulia wasichana hadithi za mashujaa wa kale. Hadithi iliyomkaa dada yangu ni ya Ilya, mtoto wa mkulima, ambaye kwa miaka thelathini na mitatu hakuweza kutembea, akawa anakaa tu juu ya jiko kubwa la udongo ambalo Warusi hulala juu yake kujikinga na baridi, hadi wapita njia watatu walipokuja kuomba maji wakamwamuru asimame, naye akasimama, akawasaidia wazazi wake kusafisha shamba, kisha akaenda kuilinda nchi yake. Dada aliuliza, "Na kama wale wapita njia wasingekuja?" Klavdia akamjibu, "Basi pasingekuwa na hadithi." Jibu hilo lilimkera kwa maisha yake yote yaliyobaki, na nadhani ndilo lililomfanya awe mwandishi.

Aliporudi Tanzania alifanya kazi ya tafsiri na kufundisha Dar es Salaam, akafunga ndoa na Leonce Kamugisha tarehe 17 Julai 1982, wakajaliwa watoto wawili, Samson na Domina, mnaowaona hapa mbele. Leonce alifariki kwa ajali ya gari mwaka 1993, na miaka miwili baadaye dada alihamia Toronto na watoto, wakapanga nyumba mtaa wa Weston, akapata kazi ya ukalimani wa Kirusi mahakamani na hospitalini, ambako wazee wengi wa Kirusi walimtazama kwanza usoni, kisha wakamsikiliza, kisha wakakataa kuhudumiwa na mkalimani mwingine. Mimi alinileta mwaka 2001. Wazazi wa mtaa wa Regent Park watamkumbuka kwa Jumamosi zake za hadithi, alipowasimulia watoto wetu kwa Kiswahili nao wakamwuliza maswali kwa Kiingereza, na yeye, bila kugombana nao, akawajibu kwa Kiswahili mpaka wakazoea.

Sasa naomba mnivumilie, kwa sababu nafika kwenye jambo ambalo wengine mmeniomba nilipite.

Kuanzia mwaka 2004 hadi 2007 dada yangu aliandika riwaya kwa Kiingereza, ambamo alimchukua Ilya akampeleka angani, ndani ya chombo kinachosafiri karne nyingi gizani, jiko likawa tanuri linalowapa abiria wote joto, na Ilya ndiye mlinzi wake, ameketi. Wageni watatu wanapokuja na kumwamuru asimame awaletee maji, anawaambia, "Maji yako pale, choteni wenyewe, mimi nina kazi," kisha anawaokoa watu wake akiwa palepale alipokaa. Alinisomea sura hiyo jikoni Weston, alipomaliza hakuniuliza kama ni nzuri, aliniuliza kama ni kweli, nami nikamwambia ni kweli.

Nyumba moja ya uchapishaji ya jijini hapa, ambayo watoto wameniomba nisiitaje nami nimekubali kwa shingo upande, iliipenda hadithi, lakini mhariri wake alimwambia uso kwa uso, "Jina lako litawachanganya wasomaji, watauliza Mwafrika anatafuta nini kwenye hadithi za Kirusi." Mwanamke aliyeishi Urusi miaka sita, aliyesimama mahakamani kila siku akiwasemea Warusi, aliulizwa anatafuta nini. Walimshauri kitabu cha kwanza kitoke kwa jina la Kirusi la kubuni, cha pili kitabeba jina lake, naye alisaini, kwa sababu alitaka Ilya wake asomwe.

Kitabu kilitoka Mei 2009, na nyuma ya jalada ilikuwepo picha ya mwanamke mzungu mwenye kofia ya manyoya, mwigizaji wa matangazo waliyemkodi. Dada alinunua nakala, akaifungua ukurasa wa mwisho akiwa bado dukani, akanipigia simu, akasema, "Shadi, wamemsimamisha." Nikadhani Samson amesimamishwa kazi. Akasema, "Ilya. Wamemsimamisha, wamempa na upanga." Ndugu zangu, nimeishi na miguu hii toka utotoni, nimeombewa na wageni kwenye mabasi ya jiji hili bila kuwaomba, lakini sijawahi kutukanwa kama nilivyotukanwa na ukurasa ule.

Novemba 2010 wachapishaji walifanya hafla katika duka moja la vitabu katikati ya mji, mwigizaji yule akawa anawasainia wasomaji, na dada yangu akapanga foleni kama wengine. Ilipofika zamu yake mwigizaji akamwuliza kwa upole, "Niandike kwa nani?" Dada akasema, "Andika, kwa Genoveva aliyekiandika kitabu hiki." Kalamu ilisimama, yule mwanamke akamtazama, akasema, "Sikujua kama upo," na alikuwa ameshaanza kuandika maneno aliyoambiwa na dada alipofika mhariri, akakichukua kitabu kutoka mkononi mwake, akamkabidhi dada nakala nyingine, safi, isiyo na neno, akamwambia, "Hongera kwa kazi, twende tukazungumze nje." Dada hakutoka nje. Aliketi kiti cha mbele mpaka hafla ikaisha, na nilimshuhudia, kwa sababu niliketi pembeni yake.

Alikataa kuandika kitabu cha pili, wakawapa watu wengine wakiandike. Jirani yetu, wakili Naheed Alibhai, aliusoma mkataba akamweleza ukweli, "Mama Samson, ulivyosaini wanaweza kuibadili hadithi yao na kulificha jina lako, lakini hakuna mahali uliposaini kwamba hutamwandika Ilya tena kwa lugha yako." Dada akaenda nyumbani akaanza upya kwa Kiswahili, na safari hii Ilya akabaki ameketi hadi ukurasa wa mwisho.

Mwaka 2015 aligundulika kuwa na saratani ya kongosho, akafanyiwa upasuaji, akaendelea kuandika katikati ya matibabu, na mwezi Agosti mwaka huu kitabu kilichapwa Dar es Salaam, jina lake kamili likiwa juani, si kivulini. Nilipompelekea nakala hospitalini, hakutoa neno la kukumbukwa, alilalamika tu kwamba herufi za jina kwenye jalada ni ndogo. Alifariki Alhamisi tarehe 12 Oktoba, saa kumi alasiri, Domina akiwa amemshika mkono. Ameacha watoto wawili na wajukuu watatu.

Siku mbili baadaye kampuni ile ilimpigia simu Domina, ikampa pole, na katika simu hiyohiyo ikamwambia Ilya wa kwenye tanuri ni mali yao na kitabu cha Kiswahili kiondolewe sokoni. Ilya, ambaye Klavdia alimsikia kwa bibi yake, eti ni mali yao. Domina, mtoto mpole kuliko wote katika ukoo huu, aliwajibu, "Mama yangu bado hajazikwa," akakata simu. Naheed ameshawajibu kwa niaba yetu, na jibu letu ni hapana, na likija swali la pili jibu litakuwa hilohilo.

Kwa niaba ya familia nawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia kwa heshima, majirani wa Weston waliopika na kukesha nasi, wakalimani wenzake, jumuiya ya Watanzania na wazee wa Kirusi waliofika leo na kumwimbia mlangoni. Waliomficha jina siwashukuru, na sitajifanya nimewasamehe kwa sababu tu nipo kanisani.

Dada, kitabu kinasomwa, na toleo lijalo tumeshaagiza herufi kubwa. Genoveva Kokugonza Rwegoshora, mwandishi, hasira tuachie sisi, wewe pumzika kwa amani.