Kila Mmoja Alidhani Mwenzake Ameniambia

Wakubwa zangu, shikamooni. Wenzangu, poleni na njia. Tumsifu Yesu Kristo, na ndugu zetu Waislamu mlioitikia wito, asalaam aleikum. Ninyi wanafunzi wa uuguzi mliojibanza pale nyuma, sogeeni mbele jamani, sikuja kumgombeza mtu. Nimeombwa niseme yaliyonipata, nami nitasema, ila majina ya watu sitataja. Nikinyamaza katikati mniachie kidogo. Nitaendelea.

Mimi ni mkulima wa mpunga, kwetu Chita. Mume wangu tumekuja naye, amebaki nje. Habari hii hawezi kuisikiliza ameketi.

Mimba yangu ya kwanza ilikuwa ya furaha. Kliniki sikukosa. Mama mkwe alinikataza hata kuinua ndoo. Uchungu ulinianza wakati wa masika, na pale zahanati walinihangaikia tangu alfajiri mpaka wakaona mtoto hashuki, wakasema niletwe huku Ifakara. Mnaoijua barabara ya Mlimba mvua ikikolea, mnajua. Gari lilizama kwenye tope, wanaume wakashuka kusukuma, mimi nimelala nyuma nang'ata khanga. Tunafika hospitali, mtoto amekwisha choka.

Wakanipasua. Kwa hilo nawashukuru mpaka leo, maana wangesita tungekufa wote wawili. Lakini ndugu zangu, nawaambia, hakuna aliyenieleza napasuliwa kwa nini. Nilisikia tu wakisemezana juu ya kichwa changu, "Huyu anakwenda thieta," na kitanda kikaanza kusukumwa.

Nilipozinduka nikamuuliza nesi, "Sista, mwanangu yuko wapi?"

"Wa kike. Yuko chumba cha vichanga, anapewa hewa. Wewe pumzika."

"Alilia?"

Alikuwa amekwisha geuka kwenda kitanda kingine. Simlaumu. Wodi ilijaa, wengine walikuwa wamelala chini.

Chumba cha vichanga kilikuwa jengo la pili, na mimi kwa mshono ule nisingeweza kutembea. Akawa anakwenda mama mkwe, aliyenisindikiza. Hakuruhusiwa kuingia, waliishia kumwambia mlangoni alete maziwa. Basi nikakamua. Yale ya mwanzo, kina mama mnayajua, machache na ya njano kama kiini cha yai. Mama mkwe alikipeleka kikombe amekifunika na pindo la khanga, kinapokewa mlangoni na msichana mmoja mwanafunzi, kisha anarudi ananiambia, "Wamepokea." Neno hilo lilinitosha. Nilijiambia, kama wanapokea, basi ananyonya.

Asubuhi iliyofuata alikuja nesi wa zamu mpya, akanikagua mshono, akaniona nimeshika kikombe. Akanisifu. "Maziwa yako yanatoka vizuri, mama. Endelea kumkamulia mtoto." Nikaendelea. Asubuhi yakapelekwa, yakapokewa. Mchana yakapelekwa, yakapokewa.

Alasiri mwanamume mmoja aliyevaa mabuti alisimama mlangoni mwa wodi, akaita kwa sauti, "Ndugu wa kile kichanga cha Chita wapo? Mwili mnauchukua leo au unalala?"

Nisikilizeni vizuri hapa. Mimi sikujua kuwa ni mimi. Nilitazama vitanda vya wenzangu, nikawa namhurumia huyo mama moyoni. Nikasema masikini, mwenzetu. Mama mkwe ndiye aliyeelewa kwanza. Alikaa chini, sakafuni pale pale, akavuta khanga akajifunika uso. Ndipo nikaelewa.

Kikombe kilikuwa bado mkononi.

Manesi walikuja mbio. Mmoja akamfokea yule mwanamume, naye akashangaa, "Kwani hamjamwambia?" Wakageukiana. "Wewe hukumwambia?" "Nilidhani umemwambia." "Mimi ndiyo kwanza nimeingia!" Wakabishana pale kitandani pangu ni nani aliyetakiwa kuniambia, na katika kubishana huko bado hakuna aliyenigeukia akaniambia.

Mume wangu, aliyekuwa amebaki Chita, aliwasili siku ya pili yake. Wakamzika mtoto hapa hapa Ifakara, yeye na mama yake na watu wachache wema, mimi niko wodini. Hakuna aliyeniuliza kama nilitaka kumwona. Nilimbeba tumboni, nikazaa, nikamkamulia maziwa. Uso wake siujui.

Nipeni dakika.

Haya. Nikarudi Chita. Maziwa hayakujua kuwa mtoto hayupo, yaliendelea kutoka. Mama mkwe alikuwa ananifunga kifua na khanga kila asubuhi. Watu walikuja kutoa pole, na wengine walikuja kutazama mwanamke aliyeshindwa kuzaa mpaka akapasuliwa. Kanisani niliacha kwenda. Mtu akinisalimia njiani napita.

Mpunga ulipoiva tukaenda shamba kuamia ndege. Majirani zangu wanapiga madebe, wanapiga kelele bonde zima, mimi nimekaa juu ya dungu, ndege wanakula mbele yangu nawatazama. Mwaka ule tulivuna kidogo sana, na mume wangu hakunisema hata neno moja. Afadhali angenisema. Kuna asubuhi nilikwenda kusimama ukingoni mwa mto, mahali penye kina. Sitaeleza zaidi. Watu wazima mmenielewa.

Kisha nikapata mimba nyingine.

Nikaificha mpaka haikufichika tena. Nikatangaza pale nyumbani kwamba nitazaa kwenye mkeka wangu, hospitali sikanyagi. Mume wangu alinibembeleza mpaka akachoka. "Mke wangu, twende Ifakara. Nakuomba."

Nikamjibu, "Unipeleke nikafie kule, halafu na wewe usiambiwe?"

Akatoka nje. Nilimsikia akilia nyuma ya nyumba.

Sasa pale zahanati alikuwa amehamia muuguzi mwanamume, mtu wa makamo aliyetokea upande wa Mang'ula. Habari zangu zikamfikia. Siku moja nipo kwenye majaruba napandikiza, nikamwona anakuja amevua viatu, suruali ameikunja magotini. Hakuniita zahanati. Aliketi juu ya tuta, miguu ndani ya maji.

Akasema, "Pole na kazi, mama. Sijaja kukuchukua. Nimekuja kuuliza."

Sikumwamkia. Nikamwambia, "Uliza."

"Kule hospitali, baada ya upasuaji, walikwambia nini?"

"Hawakuniambia kitu."

"Hata kuhusu kovu?"

"Kovu gani?"

Akasema, "Basi tulikukosea mara mbili."

Akanieleza taratibu. Kwamba kizazi changu kilikatwa kikashonwa, na ndani kuna kovu kama lile la nje. Kwamba uchungu ukija kwa nguvu kovu lile linaweza kuachia, na likiachia niko nyumbani Chita, barabara ni ile, gari hakuna, mimi na mtoto hatutafika popote. "Hili ulitakiwa kuambiwa kabla hujatoka kitandani," akasema. "Na mume wako aambiwe, na mama mkwe aambiwe."

Nikalia, kilio ambacho sikuwa nimekilia tangu siku ya yule mtu wa mabuti. Hakuniambia nyamaza. Alingoja tu, na miche yangu inaelea.

Nilipotulia akasema, "Sikwambii usiogope. Nitakwambia kitakachofanyika, hatua kwa hatua, uamue mwenyewe. Ukikataa leo, kesho nitakuja tena."

Nilikataa. Kesho yake akaja. Akatoa simu, akampigia mkuu wa wodi ya wazazi huku Ifakara, akamweleza, kisha akanikabidhi simu. "Mwambie mwenyewe yaliyokupata. Mimi nikimwambia, nitapunguza."

Nikasema yote, na yule mama upande wa pili hakunikatiza. Nilipomaliza akasema, "Njoo, mwanangu. Nitakuwepo."

Tukapanda treni mimi na mama mkwe kabla siku hazijatimia, kama tulivyoelekezwa. Mkuu wa wodi alinipokea, akaketi ukingoni mwa kitanda, akasema, "Siwezi kukwambia halikutokea. Wa kukuambia tulikuwa sisi, hakuna mwingine." Akanieleza ilivyokuwa. Mtoto alifariki alfajiri. Nesi wa vichanga akapiga simu wodini, akaipokea nesi aliyekuwa anamaliza zamu, mkoba uko begani. Akamwambia anayeingia, "Yule mama wa Chita, mtoto wake..." na hapo mgonjwa kitanda cha jirani akaanza kuvuja damu, wote wakakimbilia huko. Wa kwanza akaenda zake akijua amesema. Wa pili akabaki akidhani alikuwa anaambiwa habari ya maziwa. Na yule msichana wa mlangoni alikuwa anapokea vikombe anaweka kwenye friji, hakuna aliyemwambia kipi ni cha nani.

Hivyo tu, ndugu zangu. Hakuna mtu mbaya ndani yake. Nilitafuta mtu mbaya wa kumchukia, nikamkosa, na kumkosa kukaniuma vilevile.

Akaniambia, "Tulikaa tukasemana baada ya yale. Sasa hatukabidhiani zamu mezani. Tunakuja kitandani." Na ikawa hivyo. Zamu ilipobadilika walikuja wote, anayetoka na anayeingia, wakasimama miguuni pangu. Anayetoka akaeleza hali yangu nikisikia, anayeingia akayarudia aliyoambiwa. Kisha wakaniuliza, "Mama, kuna kitu tumesahau?"

Nikasema, "Mmesahau kusema kwamba mtoto wangu wa kwanza alifia hapa, na mimi nikawa wa mwisho kujua."

Yule anayeingia akanisogelea, akasema, "Nimesikia, mama." Akamgeukia mwenzake, akalirudia lile neno kama nilivyolisema, wala hakulilainisha.

Nikachomwa sindano ya ganzi mgongoni, nikapasuliwa niko macho. Mtoto wa kiume. Alilia! Wakamleta shavuni kwangu kabla hawajampeleka popote.

Ningependa niishie hapo, lakini ushuhuda ni ukweli. Walikuwa wameniambia, "Ukirudi wodini ukisikia unalowa, au macho yanaingia giza, ita. Usituonee aibu." Jioni wakati wa kukabidhiana zamu nikasikia joto miguuni. Wao wako kitanda cha pili wanazungumza. Mimi yule wa zamani ningengoja wamalize. Nikapiga kelele. Waliacha kila kitu.

Damu haikukatika. Dawa ikawekwa, tumbo likakandwa, bado. Mkuu wa wodi akamwingiza mume wangu, ambaye naye alikuwa amekwisha fika, akamsimamisha karibu yangu, akanishika mkono. "Mama, damu inakataa. Daktari anataka kukurudisha thieta, na huenda akatoa kizazi. Akikitoa hutazaa tena. Asipokitoa tutakupoteza. Niambie ulivyoelewa."

Nikasema, "Kizazi au uhai."

"Ndiyo."

Mume wangu akanigeukia mimi. Nikasema mimi, "Toeni."

Nilipofumbua macho nesi alikuwa amekwisha kaa pale. Hakungoja nimuulize. "Kizazi kimetolewa, mama. Mtoto yuko na bibi yake, huyu hapa. Uko hai." Nikalia, naye akabaki ameketi.

Sasa nina mtoto mmoja na kaburi moja, na sitazaa tena. Kwetu mnajua mwanamke wa mtoto mmoja anavyosemwa. Yapo maneno nayasikia hadi leo kisimani. Lakini mtoni sijarudi. Nalima, nasali, naitikia salamu. Habari zote mbili zilikuwa mbaya, ila ile ya pili niliambiwa na mtu aliyeketi, na nilipoibeba sikuwa peke yangu.

Nawashukuru. Yule muuguzi aliyevua viatu akaingia kwenye maji yangu. Mkuu wa wodi. Mama mkwe wangu, aliyebeba vikombe vile na hakuvitaja tena maishani. Mume wangu aliyeko nje. Na nesi aliyepokea simu siku ile. Alikuja kunitazama, akashindwa kuongea, nami wakati huo sikuwa na neno la kumpa. Sasa tunasalimiana. Kama yumo humu ndani au hayumo, hilo sitasema.

Kina mama wenzangu, ulizeni. Ukijibiwa nusu, uliza tena, hata kama nesi amekunja uso. Na ninyi wadogo zangu mnaosomea kazi hii: ukimwambia mwenzako jambo, usiondoke mpaka akurudishie ulichosema. Wengine mtaogopa, mtasema ngoja aje mkubwa anayejua kusema vizuri. Msingoje. Hakuna namna nzuri ya kumwambia mama kwamba mtoto wake amekufa. Kaa chini, umwambie.