Kitufe Kimoja, Majina Mawili

Kijiwe cha Pancha, fundi wa matairi, hakina bango: ni benchi moja lililoegemea ukuta wa kinyozi, birika la kahawa, na karai la maji la kutafutia matundu ya tairi. Asubuhi hiyo umeme ulikuwa umerudi baada ya kukatika tangu juzi, na Giza alikuwa amekaa pembeni, mkono wa kulia mfukoni, amenuna kama aliyenyimwa mirathi. Giza ni mkuu wa zamu kwenye mtambo wa umeme. Jina alilipata miaka ile, alipobonyeza kitufe chekundu cha kuzima mtambo kwa dharura, mji mzima ukalala bila taa, kumbe geji tu, kipimo cha mvuke, ndiyo mbovu. Kazini kwao ukizima bure unabatizwa, na jina halifutiki. Sasa juzi bomba la mvuke limepasuka kweli. Aliyebonyeza ni shemeji yake, mume wa dada yake, ambaye Giza mwenyewe ndiye aliyemwombea kazi. Huyo watu wanamwita Shujaa. Giza alimwonea wivu.

— Shujaa kapita hapa, alianza Redio, kinyozi. Nimemnyoa bure.

— Bure? Giza aliruka. Mimi miaka yote hii hujanipunguzia hata hela za ndevu!

— Wewe ulinizimia mashine katikati ya kichwa cha bwana harusi. Jamaa akaoa na nywele upande mmoja.

— Lakini kitufe si ni kilekile? Hata kuku akikidonoa, mtambo unazima!

— Usimwonee shemeji yako, alisema Pancha, amechutama kwenye karai. Haba na haba hujaza kibaba.

— Kibaba kimeingiaje hapo?

— Wewe ulizima haba, yeye kazima haba. Kibaba hicho!

Giza akasogea, akashusha sauti.

— Mnajua siri? Lile bomba kalilegeza mwenyewe. Anatafuta sifa.

— Wapi! alisema Redio. Kitufe chenyewe hakijaunganishwa popote, kimewekwa kuwatuliza tu. Mtambo ukiona mmeingia hofu, unajizima.

— Mtambo unaona kwa macho gani?

— Mashine yangu ya kunyolea inajua kichwa cha mkorofi, sembuse mtambo!

— Mmelisifia mno hilo bomba, alisema Pancha. Tairi nalo ukilisifia asubuhi, jioni linapasuka.

— Sikieni jambo, alisema Giza. Jana nimekwenda kwao. Dada yangu mwenyewe, tumbo moja, kanipa chai kwenye kikombe cha wageni. Kile changu, nilichonywea tangu hajaolewa, anacho Shujaa!

— Ndiyo mgeni njoo, mwenyeji apone.

— Nimepona nini, Pancha? Nimepona nini?

Mwanamke mmoja aliyeleta baiskeli kuzibwa pancha, mgeni pale, alikuwa akisikiliza.

— Samahani, kaka zangu. Bomba lilipopasuka, aliyekuwa karibu na kitufe ni nani?

Redio akamtazama Pancha. Pancha akamtazama Giza, maana katika kijiwe chote ni yeye tu aliyekuwapo mtamboni siku ile.

Jibu alikuwa nalo. Kitufe kilikuwa kwenye kiwiko chake. Alisikia bomba likilia, akaona sindano ya geji ikipanda, akaanza kujiuliza safari hii watamwita nani, na mkono ukaingia mfukoni wenyewe. Shemeji alitoka mbio upande wa pili wa chumba, akampiga kikumbo, akabonyeza. Meneja alipouliza, shemeji akajibu kwamba walikuwapo wawili, basi; la mkono mfukoni hakulitaja.

— Giza, umeulizwa, alisema Pancha.

— Redio, niongezee kahawa.

Redio akaliinamisha birika juu ya kikombe. Halikutoa hata tone.

— Basi tumngoje Shujaa, alisema Pancha. Atatuambia yeye.

— Hatawaambia, alisema Giza, na mkono bado umo mfukoni.