Bi Jedida Mueni, Mgeni wa Nyumba Zilizonyamaza

Ijumaa, tarehe 30 Juni 1989, Bi Jedida Mueni anastaafu baada ya kukitumikia Kituo chetu cha Ushauri wa Familia, Malindi, kwa miaka ishirini na mitano. Waliodhani atalia wamekosea. Wiki iliyopita alipoulizwa anajisikiaje, alivua viatu chini ya meza, akanyoosha miguu na kusema, "Afadhali." Kisha akaomba chai.

Alizaliwa Mwala, Ukambani, na ndoa ndiyo iliyomleta pwani: mumewe, Mwalimu Laban, alikuwa amepata kazi ya kufundisha huku. Mwaka 1964 aliajiriwa kuwafundisha akina mama malezi ya watoto wachanga. Haukupita muda akagundua kwamba kulea walijua. Yaliyowashinda yalikuwa mengine: mume aliyeachishwa kazi, mkwe asiyesemeshwa, msiba usiozungumzwa. Ndipo akawa mshauri wa familia, na ofisi yake ikawa majiko na nyua za watu, kutoka Tezo hadi Gongoni, na Jilore kule bara.

Kituo kilimpa baiskeli. Aliipanda asubuhi moja, akaingia nayo kwenye ua wa michongoma, na jioni akairudisha akiisukuma. Tangu siku hiyo alikwenda kwa miguu, kwa basi na kwa malori ya chumvi. Kigiriama alijifunza kwa ujasiri uliozidi uangalifu. Watu wa Jilore hawajasahau arusi ambayo alimshika bibi arusi mkono na kumpa pole ya msiba badala ya hongera. Bibi arusi ndiye aliyecheka kwanza.

Alikuwa na mbinu zake. Kule Tezo, Mzee Lewa na mwanawe Nzai walikuwa wamenuniana tangu mavuno ya korosho yaliyopita, wakitumia watu kupelekeana salamu ndani ya boma moja. Bi Jedida hakuitisha kikao. Alilalamika tu kwamba jiko la mama wa nyumba linavuja, akamwomba mzee apande juu na kijana akae chini ampe makuti. Mtu aliye juu ya paa hawezi kuezeka bila kuomba makuti. Kabla upande mmoja haujakwisha, wawili hao walikuwa wakibishana jinsi ya kufunga kamba, na mama wa nyumba akabandika chai.

Lakini hapa kituoni, likitajwa jina la Bi Jedida, watu hukumbuka kwanza siku ya Kahonzi.

Kahonzi, mke wa Kioko, kibarua wa chumvi kule Gongoni, alifiwa na mtoto mchanga mwanzoni mwa mwaka 1984. Baada ya mazishi akanyamaza. Alipika, alifua, aliwaogesha watoto wake wawili, lakini neno halikumtoka. Kila wiki Bi Jedida alikwenda kuketi naye jikoni, wakachambua mchicha au kukuna nazi. Hakumhoji. Alimpa habari za mjini, kisha akaaga. Sisi wenzake tukaanza kunong'ona kwamba anapoteza wakati wake.

Siku moja alifika akakuta mlango umefungwa kwa kamba, moto umezimika, watoto wako kwa jirani. Kahonzi alikuwa ameondoka alfajiri bila kuaga. Kioko akaitwa kutoka kazini. Majirani wakatawanyika, wengine kwenye mabwawa ya chumvi, wengine visimani, wengine mikokoni. Kila aliyerudi alitikisa kichwa. Hapo Kioko akaketi chini mchangani na kusema jambo ambalo hakuwahi kumwambia mtu.

"Siku ile mtoto alipokufa nilimwambia mke wangu, 'Umemwacha afe mikononi mwako.' Nilisema hivyo, mama. Wala hakuwa na kosa. Ile homa ilikuja kwa ghafla, angefanya nini?"

"Umeshamwambia kwamba hakuwa na kosa?" Bi Jedida akauliza.

"Bado. Na sasa nitamwambia nani?"

Wakadandia lori kuja Malindi kupiga ripoti polisi. Bi Jedida alitaka kwanza apite hapa kituoni kuomba gari la kuendelea kutafutia. Walipoingia barazani, Kahonzi alikuwa pale kwenye benchi, kikombe cha chai mkononi. Alikuja na lori la asubuhi kumtafuta Bi Jedida, wakapishana njiani. Karani wetu, Dena, alimkaribisha bila kujua ni nani, maana hakutaja jina wala shida.

"Shikamoo, mama," Kahonzi akasema, sauti ikikwaruza. "Nimekungoja mpaka nimechoka."

Bi Jedida aliangua kicheko. Alicheka hadi akashika ukuta, halafu machozi yakamtoka. Kioko alikuwa amesimama mlangoni, kofia mkononi, hajui aende mbele au arudi nyuma. Bi Jedida hakumfundisha la kusema. Alimvuta mkono, akamketisha kando ya mkewe, akatutoa sote nje na kufunga mlango.

Tulikaa kwenye ngazi. Tulisikia sauti ya mwanamume, kisha kilio. Mwisho ikaja sauti ya mwanamke, ikisema na kusema bila kukatika. Bi Jedida akainamisha kichwa magotini.

"Mungu ni mwema," alisema. "Sasa naweza kula." Dena akatumwa mahamri.

Kioko na Kahonzi wangali Gongoni. Wamejaliwa binti mwingine, na siku hizi hugombana kama watu wengine wote, kwa sauti ambayo jirani huisikia.

Si kila nyumba ilipona. Zipo zilizovunjika mbele ya macho yake, naye alirudi ofisini siku hizo akakaa dirishani hadi jioni. Kesho yake alitoka tena. Washauri tulio nao sasa, wakiongozwa na Bi Dorcas Kadii, wote walianza kazi kwa kufuatana naye, wakibeba mkoba wake na kujifunza kunyamaza.

Anahamia Tezo, ambako Mwalimu Laban amekwisha kupanda korosho na kufuga kuku wengi kupita kiasi. Amesema hataki kusikia habari ya ugomvi wowote isipokuwa wa kuku.

Bi Jedida, familia nyingi za pwani hii zinalala chini ya paa moja kwa sababu yako, na sisi tumejifunza kazi kwako. Tunakushukuru kwa moyo wote. Mungu akupe afya, usingizi mnono, na miaka mingi ya raha pamoja na Mwalimu. Nenda salama, mama yetu, ukapumzike.