Mbwa Hapana, Panya Bure

Hilo wanaloliita benchi ni ubao mmoja uliolazwa juu ya ndoo mbili za rangi, mbele ya duka la vifaa vya ujenzi, na anayekaa katikati avumilie tu kubanwa kila jirani yake anapocheka. Hapo mafundi husubiri kazi. Kazi isipokuja husubiri kahawa ya Shangazi, na kahawa ikishakuja hawasubiri tena kitu, wanaanza kuinyoosha dunia. Siku hiyo dunia ilikuwa na kasoro moja tu, nayo ni mbwa wa Rangi. Huyu Rangi hupaka nyumba za watu, na jina alilopewa na wazazi wake kijiwe kizima kimelisahau. Nyumba aliyopanga na mama yake imeuzwa, mnunuzi anataka kuivunja, na kesho ndiyo mwisho wa kutoka. Ametafuta chumba mpaka soli za viatu zimelalamika. Kila anapobisha hodi jibu ni lile lile: mama karibu, wewe karibu, mbwa hapana.

Alikuwa amekaa pembeni ya ubao, kikombe kimempoa mkononi, akimsubiri Funguo, dalali wa vyumba. Funguo alitokea kwa kelele, maana anatembea na shada la funguo kiunoni, na nusu yake hata milango yake haikumbuki.

— Kimepatikana! Chumba na sebule, maji ndani, dirisha linaangalia barabara. Mama ruksa.

— Na Posta? Rangi aliuliza.

Funguo akakaa kwanza, akajipangusa uso.

— Posta hapana, kaka. Nimebembeleza mpaka nimeona haya. Na jibu anataka leo, jua halijazama. Kuna wengine wanakitaka.

Posta ni mbwa wa mama, na mama ndiye aliyempa jina hilo, kwa sababu maisha yake yote ya kazi alichambua barua posta. Alishastaafu zamani. Lakini siku hizi akili inampotea njiani, na alfajiri huamka, akavaa viatu vyake vya kazi, akaenda kuwahi zamu. Posta hulala kizingitini. Mama akigusa mlango, mbwa anasimama mbele yake na kubweka hadi Rangi aamke, aje amshike mkono na kumwambia, "Mama, leo ni sikukuu, posta wamefunga." Mama anafurahi, anarudi kulala. Siku moja alimponyoka mwanawe, hakumponyoka mbwa. Walikutwa barabara kuu, mama amekaa ukingoni, mbwa amemlalia miguuni ili asinyanyuke, malori yanapita. Sasa mtu mwenye mbwa kama huyo unamwambiaje amtupe?

— Wenye nyumba wana roho ya bati, alisema Breki.

Breki ndiye mkubwa wa kijiwe. Aliendesha malori miaka mingi, akastaafu na goti bovu na methali nyingi, ambazo huzitumia kama alivyotumia honi, popote, kwa nguvu.

— Wahenga walisema, mbwa hafi maji akiona ufuko, akaongeza.

— Maana yake nini hapo, mzee? aliuliza Redio, anayechaji simu za watu na kutangaza habari zao.

— Maana yake usipange karibu na maji.

— Lo! Shangazi alisema huku akimimina. Wahenga wana kazi.

Funguo akaanza kuhesabu visa vyake kwa vidole. Mwenye nyumba mmoja alikubali mbwa, mradi asibweke. Mwingine akakubali abweke, ila alale nje ya geti, alinde na wapangaji wenzake. Mwingine ana majibwa manne uani mwake, makubwa kama ndama.

— Nikamwuliza, mzee, si na wewe unafuga? Akanijibu: wangu ni walinzi, wake ni mbwa.

— Haki ya Mungu? Rangi alicheka bila kupenda.

— Haki ya Mungu. Na yule mama wa ghorofani akasema mbwa ni uchafu. Tunaongea hivyo, panya anapita katikati yetu, hana haraka, utadhani ndiye mwenye hati ya nyumba.

— Kwa hiyo mbwa hapana, panya bure, alisema Shangazi.

Benchi likacheka, ubao ukambana Redio aliyekuwa katikati. Rangi hakucheka tena. Alikuwa amepaka ukuta wa yule mama wa ghorofani mwaka jana, akaziba na matundu ya panya kwa mkono wake.

— Nyinyi hamjui siri yenyewe, Redio alisema, akishusha sauti ili asikike vizuri. Tatizo ni umeme. Nusu ya nyumba hizi umeme wake umeungwa kienyeji. Mbwa anasikia waya usio halali, unamwasha masikioni, anaubwekea. Wakaguzi wakipita, mwenye nyumba kwisha!

— Acha uongo, wewe.

— Uongo? Umewahi kumwona mbwa amelala chini ya mita?

Hakuna aliyewahi kuchunguza, kwa hiyo hoja ikapita.

— Ushauri wangu, Redio akaendelea, Rangi wewe ni fundi. Mnyoe, mpake nyeupe, umwingize kama kondoo.

— Akibweka?

— Unasema ana mafua.

— Na wakitaka kumnunua wamchinje?

— Hapo sasa unasema ni mbwa.

Hata Shangazi alicheka mpaka akamwaga kahawa. Jua lilikuwa limeshavuka paa la duka. Rangi alimtazama Breki, akaendelea kumtazama, kama mtu anayesubiri aongezewe neno. Breki akapuliza kahawa yake, ingawa ilikuwa haitoi tena moshi.

— Mimi nitawaambia ukweli, Breki alisema. Hawa watu wana chama.

— Wenye nyumba?

— Wana chama, wana mwenyekiti, wanakutana kwa siri. Mwaka wa kwanza walipitisha: mbwa marufuku. Mkanyamaza. Mwaka wa pili: paka marufuku. Mkanyamaza. Wakaja kwenye watoto wachanga, wakaja kwenye wapiga cherehani, ati mashine zinatikisa kuta. Mwisho watampangisha mtu asiyekula, asiyekohoa, asiye na mama. Watapangisha picha ya mtu, imetundikwa ukutani, inalipa kodi!

— Sema mzee!

— Nasema! Breki alisimama, goti likalia, hakulijali. Mtu una chumba kitupu, kinalala na buibui, na mwenzako anahangaika na mama mgonjwa na kambwa kasiko na hatia, halafu unamfungia mlango? Huyo si mtu. Huyo hata akifa kaburi litamkataa. Wahenga walisema, ukiona vyaelea, vimeundwa!

Methali ilikuwa haihusiki hata kidogo, lakini ilisemwa kwa uchungu, watu wakaitikia. Redio akapiga makofi. Rangi peke yake aliinamisha kichwa, akaanza kubandua rangi iliyokaukia kwenye kucha zake. Ilikuwa rangi ya maziwa.

Hapo ndipo alipotokea dada mmoja, begi begani, viatu vimejaa vumbi la kutembea mitaa asiyoijua. Alisimama mbele ya benchi, akaamkia wote kwa pamoja kama mtu anayeamkia watu wengi asiowajua.

— Samahanini, wazee wangu. Namwulizia mzee mmoja, alikuwa dereva wa malori. Nimeambiwa ana chumba cha uani, kimetoka kupakwa rangi, hakijapata mtu. Nyumba yake ni ipi?

Redio, ambaye hajawahi kukosa habari tangu azaliwe, aliitazama simu ya mteja. Funguo akazishika funguo zake zisilie. Yeye dalali alikuwa hajui, na ilionekana usoni mwake kwamba amekasirika zaidi kwa kutojua. Shangazi aliinua birika, asimmiminie mtu. Breki alikuwa bado amesimama, kidole cha hotuba bado kiko juu, na kidole kile hakikujua kishukie wapi.

Rangi alikuwa anajua. Chumba kile alikipaka yeye, mara mbili, rangi ya maziwa aliyoichagua mke wa Breki. Alipomaliza, alisimama katikati ya sakafu safi akaona kabisa kitanda cha mama kitakaa wapi na Posta atalala wapi. Tangu siku hiyo amekuwa akiwahi kijiweni kabla ya wengine, ili Breki amkute peke yake, apate nafasi ya kusema. Kuomba hakuweza. Breki ndiye aliyesimama naye siku ya kumzika baba, akamwambia, "Kuanzia leo mimi ni kaka yako." Mtu aliyekwambia hivyo humwombi chumba. Unasubiri akumbuke. Na Rangi alisubiri, akasikiliza habari za chama na mwenyekiti, akanywa kahawa.

— Rangi, mdogo wangu, Breki alisema, na sauti yake ilikuwa ndogo. Shemeji yako si unamjua. Mambo ya mbwa na yeye...

— Sijakuomba, kaka.

— Ningekwambia. Nilikuwa natafuta namna ya...

— Kaka. Sijakuomba.

Dada mwenye begi aliwatazama mmoja mmoja, akaona ameingilia jambo.

— Nimekosea? aliuliza.

— Hujakosea, mwanangu, Shangazi alisema. Ni huyo aliyesimama. Breki, mpeleke mgeni wako, amechoka.

Breki alitafuta methali. Waliona anavyoitafuta, midomo inaanza, inaacha. Mwishowe akalichukua begi la yule dada kwa adabu, wakaondoka, yeye akichechemea mbele, wala hakugeuka. Kikombe chake kilibaki kwenye ubao. Hakuna aliyekigusa.

— Aisee, alisema Redio, akarudi kwenye simu ya mteja.

Rangi alihisi hasira, na haikuwa ya Breki peke yake. Alijikasirikia mwenyewe kwa adabu yake ya kijinga, kwa zile asubuhi zote alizokaa akingoja kukumbukwa kama mtoto. Alimgeukia Funguo.

— Mwambie mwenye chumba nakichukua. Tutahamia kesho, mimi na mama.

— Na Posta?

— Yule wa mabanda ya kuku aliyekuwa anatafuta mbwa wa ulinzi. Mpigie. Mwambie aje na kamba nzuri, maana huyu hatakubali kuondoka.

— Kaka, tungoje kidogo, huenda...

— Jua linazama, Funguo. Mpigie.

Shangazi alikataa kupokea hela ya kahawa yake. Rangi akaiweka juu ya ubao hivyo hivyo, akainuka, akaingia dukani. Muuzaji, aliyezoea kumwona kila siku, akaanza kushusha kopo.

— Nyeupe, fundi? Au ile ya maziwa tena?

— Leo naomba kufuli.

— Ya geti?

— Ya mlango wa chumba. Ya kufungia kwa nje.

— Unaweka vifaa vyako?

— Mama, alisema Rangi.

Muuzaji alileta kufuli tatu, akazipanga juu ya kaunta. Rangi akaziweka sikioni moja baada ya nyingine, akazifunga na kuzifungua polepole, akitafuta ile isiyolia, ili mama asisikie anapofungiwa.