Watu Kumi na Mmoja Niliowaandika kwenye Fomu ya Kodi ya Marekani

Ndugu yangu uliyekaa karibu na mlango, nakuona umeshaushika mkoba. Keti kidogo. Najua umerudi kutoka Marekani mwaka jana, na paspoti yao umeiweka kabatini chini ya kanzu za Idi. Yangu ilikuwa papo hapo. Nitasema polepole, na asiyeelewa anikatize.

Nilifanya kazi miaka kumi na tisa katika jiko la hospitali moja huko Ohio. Nikapata uraia, nikamsomesha binti yangu, kisha mimi na mke wangu tukarudi nyumbani Mji wa Kale. Nikaajiriwa kufundisha Kiingereza katika shule moja Tononoka. Kodi ya Kenya nakatwa kila mwezi na sijawahi kulalamika. Haya, msicheke, nimelalamika, lakini nimelipa. Ya Marekani niliamini imebaki Marekani pamoja na koti langu la baridi. Miaka saba sikuwajazia fomu hata moja, na wallahi sikujua kama natakiwa.

Siku moja baada ya sala ya alasiri, barazani, akanigeukia bwana mmoja ajuaye kila kitu. Kila baraza ina wake.

"Yakhe, wewe si raia wa kule? Basi wanakutaka! Raia wao hujaza fomu ya kodi kila mwaka, hata akiishi mwezini. Ukikanyaga tu uwanja wao wa ndege, kompyuta inalia."

"Inalia vipi?"

"Kama gari la zimamoto."

Ndugu zangu, nusu ya kwanza ya maneno yale ilikuwa kweli. Nusu ya pili aliipika mwenyewe. Mimi nilizimeza zote mbili pamoja na kahawa.

Sasa, binti yangu aliyebaki Ohio na mumewe alikuwa na mimba yake ya kwanza. Nilimwahidi kwamba mtoto akizaliwa nitakuwapo, nimwadhinie sikioni, kama marehemu babangu alivyomwadhinia yeye. Ahadi ile ndiyo iliyokuwa ikinitafuna. Nikaanza visingizio. Goti linauma. Akasema atanitafutia kiti cha magurudumu. Presha imepanda. Akasema mumewe ni muuguzi. Basi kuna mitihani ya shule. Mke wangu alikuwa kando akichambua mchele, akingoja simu ikatike.

"Bwana, goti hili linauma kwa safari ya Ohio tu? Jana umepanda ngazi za darini mara tatu ukifukuza paka."

Mimba ilipofika miezi saba, binti akapiga simu na hakuuliza habari ya goti.

"Baba, niambie tu. Nimekukosea nini?"

Hapo nilivunjika. Nikamwambia, "Hujanikosea, mwanangu. Naogopa kukamatwa."

"Umemfanya nani nini?"

"Sijajaza fomu za kodi."

Akacheka. "Alhamdulillahi! Nilidhani umeoa mke wa pili."

"Hata mimi," akasema mamake, na mchele wake mkononi.

Akavaa buibui, akanivusha uchochoro mpaka kwa jirani yetu Mbohora, dada mwenye duka la sufuria, ambaye kwa miaka mingi amekuwa akiwasaidia jamaa zake wa ng'ambo kujaza fomu hizi. Nilikwenda na daftari. Nilikuwa nimeichungulia fomu kwenye simu, nikaona wanauliza watu wanaonitegemea, nami nikaandika wote kumi na mmoja kwa uaminifu.

"Mwalimu, huyu maalim anakaa kwako?"

"Hakai. Anakula kwangu Ijumaa."

"Na huyu?"

"Shangazi yake mke wangu. Ana nyumba yake, lakini sahani yake hutoka kwetu."

"Na huyu wa kumi na moja hana jina. Umeandika 'mgeni'."

"Dada, mgeni hakosekani."

Alivua miwani akajifuta machozi ya kicheko. Kisha akanifafanulia kama mtu anayefundisha mtoto kuhesabu, nami nawapa kama nilivyopewa. Hawakuulizi nani anakula kwako. Kwa mtegemezi wana kipimo chao, na sharti moja ni awe raia wao, au mkaazi wa kule au wa nchi mbili wanazopakana nazo. Walaji wangu wote wakafutwa. Akasema kujaza si kulipa: aliyekaa nje muda wa kutosha anaweza kuomba mshahara wake wa huku usitozwe, lakini lazima ajaze ndipo aombe. Aishiye nje huongezewa muda mpaka katikati ya Juni. Na akaunti za benki za huku zikijumlishwa zikapita dola elfu kumi, hata kwa siku moja ya mwaka, zinaandikiwa taarifa ya peke yake.

"Hata ile ya chama cha walimu? Fedha zile si zangu!"

"Saini ni ya nani?"

Nikaiongeza akaunti ile daftarini.

Akaniambia kuna njia maalumu kwa asiyejaza kwa kutojua: fomu za kodi za miaka mitatu, taarifa za akaunti za miaka sita, na maelezo yako mwenyewe ya kwa nini hukujaza. Nikaandika kurasa mbili. Ukurasa wa kwanza wote ulikuwa salamu. Nilimuuliza afisa hali yake, watoto, wazee, na kama baridi imepungua.

"Mwalimu, anataka sababu tu."

"Nitamwingiaje mtu bila kumjulia hali?"

Tulivutana mpaka akaniachia mstari mmoja wa salamu. Baada yake nikaandika yote, nikataja hata ile miezi ya woga, kwa sababu karatasi ile unaisaini kwamba ni kweli.

Tukapeleka. Kwa mshahara wa mwalimu, hesabu ilitoka sifuri. Na paspoti? Wanaozuiliwa ni wenye madeni makubwa sana, waliokwisha kuandikiwa barua mara nyingi. Pale uwanjani afisa aliitazama yangu, akasema karibu nyumbani. Kompyuta haikulia. Siku kumi baadaye nilimshika mjukuu wangu, nikamwadhinia kwenye sikio la kulia, na yeye akapiga chafya.

Namshukuru jirani yangu, aliyekataa malipo akakubali bakuli la halua. Namshukuru mke wangu kwa kutoliamini goti langu, na binti yangu kwa kuuliza swali alilokuwa akiliogopa. Nilichojifunza ni kwamba miaka ya kutojua haikuniumiza. Iliyoniumiza ni ile miezi niliyojua nusu nikaona haya kuuliza.

Kwa hivyo, ndugu yangu wa mlangoni, kesho asubuhi chukua karatasi moja. Andika mwaka uliojaza fomu mara ya mwisho, na chini yake kila akaunti yenye saini yako. Mpelekee mtu anayezijua fomu hizi, kabla ya adhuhuri.