Mtu wa Ishirini

Mwaka 1956 nilipanda mashua ya asubuhi kutoka Ras Kitau kwenda Amu, mji wa Lamu. Mbele yangu walikaa wanaume wawili ambao walikuwa ndiyo kwanza wajuane. Wote walikuwa wakata boriti za mikoko: Bwana Shekhan wa Pate, na Bwana Muhdhar, aliyekuwa akimkatia tajiri mmoja wa mjini.

"Serikali imekubali kutupa leseni ya kukata sisi wenyewe," alisema Shekhan, "mradi tuwe chama cha watu ishirini. Tuko kumi na tisa, na leo ndiyo siku ya mwisho ya kupeleka majina ofisini."

"Na tajiri?"

"Tutamuuzia kama wengine. Lakini hatachagua tena nani akate na nani akae nyumbani."

Muhdhar alitazama viganja vyake, vilivyoiva wekundu kwa magome ya mikoko. "Mke wangu alipougua, tajiri alitoa mashua yake ikampeleka hospitali. Chama chenu kina mashua?"

"Bado."

Niliipenda "bado" ile. Watafuta wanachama kwa kawaida huahidi zaidi.

"Basi tajiri nitamwambiaje?"

"Sijui, Bwana. Mimi wanangu wawili walikosa kazi kwake, wamekwenda Mombasa. Nti hii tuliyozaliwa itabaki na nani?"

Mashua ilipogusa gati, Shekhan aliaga, akashika ndia ya ofisini. Muhdhar alisimama ngazini, watu wakimpita. Kisha akaniuliza mimi, mtu asiyemjua, ofisi ile hufungwa saa ngapi.